Mkalimani Aliyeomba Maneno Yarudiwe

Mkalimani hakuwahi kukalia kiti chote. Alikalia ncha, mguu mmoja mbele, kama abiria aliyeambiwa gari lake limeshawashwa. Ukimwambia, "Mzee, egemea basi," aliegemea kidogo kwa heshima yako, lakini ukigeuka unamkuta ameshasimama. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Msibani alizunguka nyumba. Mkewe alizoea kusema kwamba amezeeka na mwanamume ambaye hajawahi kumaliza chai akiwa amekaa.

Nilimfahamu kwa sababu ya lugha. Nilipangiwa kazi zahanati ya Nyanungu nikitokea Songea, nesi mgeni, na Kikurya nilichokijua hakikutosha hata kuomba maji. Vijana walinielewa vizuri, lakini akina bibi waliokuja na vifua na magoti waliniangalia nikisema Kiswahili changu kama mtu anayeangalia mvua kupitia dirisha. Mganga mfawidhi akaniambia, "Mtafute Mkalimani." Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata na wajukuu zake. Alikuwa na Kikurya cha baba yake, Kijaluo cha mama yake, Kiikoma alichookota akichunga ng'ombe, na Kiswahili cha shule. Kiingereza alikuwa nacho kidogo na alikionea aibu. Alitafsiri wahubiri wageni, wazee wa baraza la kata, mazungumzo ya mahari baina ya Wakurya na Wajaluo, mikutano ya wachimbaji, na wagonjwa wangu.

Wiki ya kwanza alinitafsiria bibi mmoja niliyekuwa nampima tumbo. Bibi alisema maneno marefu akinitazama usoni. Mkalimani akayageuza bila kubadili uso: "Anasema mikono yako ni ya baridi kama chura, na anataka kujua ni nani aliyekudanganya kwamba wewe ni nesi."

Mgonjwa alipoondoka nilimwuliza kwa nini hakunifichia.

"Ningekuficha hilo," akasema, "kesho ungejiuliza nimekuficha na nini kingine. Mimi nabeba alichosema mtu. Alichokusudia ni mzigo wake mwenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na aliishika kwa ukali uliokuwa ukiwachosha watu. Wakwe walimbembeleza alainishe. Wenyekiti walimwomba afupishe. Hakulainisha na hakufupisha. Na jambo jingine: hakumkatiza mtu. Wakalimani wengine huinua mkono msemaji akisema sentensi mbili tatu. Yeye aliona hiyo ni kazi ya nusu mtu. Alimwacha msemaji aseme hadi achoke, yeye akitembea huku na huku, mikono nyuma, kisha anasimama na kuyatoa yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimsikia akirudisha mahubiri marefu ya mchungaji mmoja mgeni, pamoja na ule mzaha ambao hakuna aliyeucheka mara ya kwanza. Katikati ya somo la pili mchungaji akasahau alipofika. Akamgeukia Mkalimani amkumbushe. Mkalimani akamkumbusha, kanisa likacheka hadi mchungaji naye akacheka.

Lakini mtu huyo aliyekuwa mwaminifu kwa maneno ya wengine, kwa yake mwenyewe alikuwa mwongo wa mambo madogo. Alimwambia mkewe amemeza dawa, nazo ziko mfukoni. Aliniambia hana maumivu huku ameshika ukuta. Nyumbani alikuwa bubu kabisa. "Maneno yake huyaacha huko yalikotumika," mkewe aliniambia. "Hapa naletewa mwili tu." Aliogopa sindano kuliko watoto. Hakupenda umbea, ila redio ndogo haikukosa mfukoni, na aligombana nayo barabarani, akisahihisha watangazaji.

Kisha rashi ikaja. Ndivyo wachimbaji walivyoita kila mbio za kukimbilia dhahabu mpya, na sisi tukalichukua jina hilo kutoka kwao. Ilianzia kilima cha nyuma ya mashamba ya mahindi. Mtu alichimba choo, sijui kisima, habari zilitofautiana, akatoka na jiwe. Kabla ya mahindi kukomaa kilima kilikuwa kimejaa maturubai, jenereta, mama lishe, na karasha za kusaga mawe ambazo hazikunyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Watu walitoka Geita, Shinyanga, wengine walivuka kutoka Migori na Kisii na Kiswahili chao cha kule. Zahanati tulishona vidole, tulisafisha macho yenye vumbi. Mimi mwenyewe sikulala vizuri msimu ule. Nilikuwa nimeomba uhamisho na sikujibiwa. Kila pikipiki iliyopita nilidhani inaniletea jibu.

Mkalimani alisema hapendi dhahabu, na kila siku alipanda kilimani. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shimo kila kukicha, na kila ugomvi ulikuwa na lugha mbili au tatu ndani yake. Hapo ndipo nilipoanza kuona pumzi yake. Alipanda hatua chache, anasimama, anajifanya anatazama mazingira. Jioni viatu havikumwingia kwa uvimbe. Siku nilipofanikiwa kumkalisha na kuweka kipimo kifuani, nilisikia mvumo ambao hata mwanafunzi angeusikia. Valvu moja ya moyo ilikuwa imeharibika, pengine tangu utoto, kwa homa iliyoanzia kooni na ambayo hakuna aliyeitibu.

Binti yake, Ghati, alikuwa ameolewa Migori na anafanya biashara ya vitambaa. Yeye ndiye aliyempeleka Nairobi. Walimfungua kifua, wakaweka valvu nyingine. Tuliomba kanisani, tukangoja simu. Ghati akapiga kusema baba amezinduka na ameuliza kwa Kijaluo nani amezima redio.

Aliporudi, kovu lilikuwa limefunga vizuri, miguu imepungua, rangi imerudi. Nilifurahi kwa siku chache. Halafu mkewe akanijia zahanati, akakaa kwenye benchi la wagonjwa ingawa hakuwa mgonjwa.

"Nesi, njoo umwangalie mzee wako," akasema. "Anakaa."

Sikuelewa.

"Anakaa kwenye kiti. Kiti chote. Anaegemea."

Nilikwenda. Alikuwa ameegemea kweli, mikono juu ya magoti, redio imezimwa. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, tukaongea vizuri tu. Kisha mkewe akamwambia kwamba jirani amepita, kwamba anauza ndama, kwamba atarudi Jumapili na kaka yake, kwamba anaomba majembe. Mkalimani alisikiliza kwa makini. Nikaona midomo yake ikitaka kurudia kimoyomoyo kama alivyozoea. Ikasimama.

"Ndama," akasema. Akafikiri. "Na Jumapili kuna nini?"

Baadaye alinieleza mwenyewe, akitazama pembeni: "Maneno yanafika. Yanakaa kidogo. Yanaondoka bila kuaga."

Ghati aliwauliza madaktari. Walimwambia hali hiyo huwapata baadhi ya watu baada ya upasuaji mkubwa wa moyo. Kwa wengi hupungua yenyewe, kwa wengine hukawia. Pale hospitali walikuwa na mazoezi ya akili ya kompyuta ambayo mgonjwa hufanya nyumbani kwake, kidogo kidogo, karibu kila siku, na matokeo yanatumwa kwao mtandao ukipatikana. Hawakuahidi kitu. Walisema ajaribu. Ghati akavuka nayo mpaka wa Sirari, kompyuta ndogo ya kukunja, akaifunga ndani ya vitenge isipasuke, akaiunganisha na sola ya nyumbani na kutuonyesha jinsi ya kuifungua.

Shida ilikuwa moja. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na sauti ya mwanamke, na mwanamke huyo alijua Kiingereza tu. Ghati aliondoka kesho yake kurudi kwenye duka lake. Nikabaki mimi.

Basi jioni, nikitoka kazini, nilipitia kwake na kukaa kando yake kwenye meza ya chakula, nikimtafsiria Mkalimani. Miraba iliwaka kwa zamu, naye alitakiwa kuigusa kwa mpangilio uleule. Mara nyingine ni herufi na namba za kufuatanisha. Mara nyingine yule mama alisema maneno, kikombe, ndege, barabara, kisha yanapita mengi na unachagua yale uliyoyasikia.

Jioni ya kwanza nilimwambia, "Anataka uguse pale palipowaka."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo maana yake."

"Sikukuuliza maana yake."

Ikabidi nirudi, niseme yote: tafadhali tazama kwa makini, kisha gusa miraba kwa mpangilio uliouona, usiwe na haraka. Akatikisa kichwa, akaanza. Alikosea karibu yote. Kompyuta ikatoa mlio mdogo wa upole, akaichukia kwa ule upole kuliko kwa kosa lenyewe.

Hakuwa mwanafunzi mzuri. Alisimama katikati ya zoezi, akaenda mlangoni, akarudi. Alibishana na yule mama. "Anasema vizuri," aliniambia, "lakini hasikilizi." Kelele za karasha zikivuma alisema hasikii, zikikoma alisema kimya kinamsumbua. Kuna siku aliifunga kompyuta kwa kishindo na kusema kwamba watoto wa chekechea ndio wanaogusa vipicha. Mkewe akaifungua, akakaa, akaanza kugusa yeye. Alikuwa mzuri. Mkalimani alivumilia kidogo, kisha akamwomba kiti chake.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Nilijua kidogo mno kuhusu jambo lile. Nilikuwa nesi wa zahanati, si mtaalamu wa ubongo, na watu walikuwa wananiuliza njiani, "Mashine inamponya?" Nilijibu sijui. Alama zake zilipanda, hilo lilionekana. Vimistari vya kijani vilirefuka kila wiki. Ghati alipiga simu kusema hospitali wamefurahi. Nilimuuliza mwenyewe anaonaje.

"Miraba nimeiweza," akasema. "Watu bado."

Hapo akabuni zoezi lake. Alimwambia mkewe aseme lolote, kwa urefu wowote, yeye atamrudishia. Nadhani alitegemea habari za kuku. Mkewe akavuta kigoda, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza. Alisema ya miaka mingi. Alisema juu ya siku aliyojifungua huku Mkalimani yuko kwenye baraza la kata, juu ya chai zilizopoa, juu ya jinsi alivyokuwa anajua yanayosemwa kata nzima isipokuwa yanayosemwa mezani kwake. Mimi nilitaka kuondoka, akanizuia kwa mkono. Alipomaliza, Mkalimani alisimama, mikono nyuma. Kisha akarudisha. Hakurudisha yote, vipande vilimtoka, na pale vilipomtoka alisema, "Hapa pamenipotea, rudia." Mkewe alirudia. Walifanya hivyo jioni nyingi. Sina hakika ni zoezi gani lililomsaidia, lile la Nairobi au lile la kigodani, au ni siku tu zilizopita. Ninachojua ni kwamba aliacha kuegemea kiti.

Ndipo ikaja kesi ya Bibi Wankuru.

Bibi Wankuru alikuwa mjane mwenye shamba chini ya kilima. Bosi mmoja wa mashimo, mtu wa kutoka nje ya mkoa, alikuwa amechimba hadi ndani ya mtama wake na kuweka karasha karibu na makaburi ya watu wake. Wilaya ikatuma kamati kusikiliza. Walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wanafunzi wakapewa ruhusa. Bibi hakujua Kiswahili. Bosi akasema ana kijana wake anayejua Kikurya, atasaidia. Bibi akajibu kwa maneno machache ambayo kila mtu aliyaelewa: Mkalimani, au hasemi.

Tulimwambia Mkalimani asiende. Mimi nilimwambia kama nesi, mkewe kama mke. Alikuwa ameshavaa koti.

"Nikikosea mbele yao?" nilimsikia akimuuliza mkewe mlangoni. Alikuwa anauliza kweli.

"Utakosea," mkewe akasema. "Nenda."

Nilikwenda naye na begi la dawa. Darasa lilijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole mwenye miwani, akampa Bibi nafasi. Bibi alisimama, akaanza, na Mkalimani akafanya kitu ambacho hakuna mtu wa kata ile aliyewahi kumwona akikifanya. Aliinua mkono.

"Mama, simama hapo kwanza."

Watu wakatazamana. Akayatafsiri yale machache. Akamwashiria aendelee. Tena akainua mkono. Jasho lilikuwa linamtoka pembeni mwa paji, lakini kazi ilikwenda, vipande vipande, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Bibi alieleza mpaka, alieleza makaburi, nani kalala wapi. Kisha akamgeukia bosi, hasira ikampanda, na safari hii hakuuona mkono. Akasema mfululizo.

Mimi kufikia wakati huo nilikuwa nimekaa Nyanungu vya kutosha. Siwezi kujidai, lakini sikio lilikuwa limefunguka. Nilimsikia akisema kwamba wanawe wanajua hema la bosi liko wapi, wanajua analala upande gani, na kwamba karasha ile itaungua na mwenyewe ataungua nayo. Wanawe wawili walikuwa wamesimama ukutani. Nyuma ya kamati kulikuwa na polisi.

Mkalimani alisimama. Midomo ikatikisika. Darasa likangoja.

"Mheshimiwa," akamwambia mwenyekiti kwa Kiswahili, "maneno ya mwisho yamenitoka. Naomba ayaseme tena."

Bosi akacheka. Kijana wake akasema yeye ameyasikia, anaweza kuyasema. Mwenyekiti akamtazama kijana, akamtazama Bibi, akasema, "Tunamsikiliza mwenyewe. Bibi, rudia."

Mkalimani akamwambia Bibi kwa Kikurya, taratibu: "Mama, yamenipotea. Niambie tena ninachopaswa kumwambia."

Bibi Wankuru alimwangalia muda mrefu. Akawaangalia na wanawe. Hasira ilikuwa imeshashuka kidogo kwa kule kungoja. Akasema, "Mwambie watu wangu wamelala pale na hawapati usingizi. Mwambie aiondoe mashine." Akakaa.

Mkalimani akalitafsiri hilo, neno kwa neno. Kijana wa bosi alijaribu kusema kwamba si hivyo alivyosema mwanzo, mwenyekiti akamwambia kamati inaandika kilichotafsiriwa. Karasha iliondolewa. Mpaka ukawekwa upya, si mahali pote Bibi alipotaka, ila makaburi yakabaki upande wake. Hakuna kilichoungua. Mkalimani alirudi nyumbani, akavua koti, na kuanzia siku ile hakutafsiri tena popote. Walimwita, akakataa. Hakutoa sababu, nami sikumuuliza.

Uhamisho wangu ukaja nilipokuwa nimeshaacha kuungoja. Nikapelekwa Issenye, wilaya ya Serengeti. Rashi nayo ilikwisha kama ilivyoanza. Waliokuja waliambiwa kuna kilima kingine kwingine, wakafuata.

Mara ya mwisho kumwona alishuka kwenye bodaboda mbele ya kituo chetu, mwekundu kwa vumbi, amekonda lakini anapumua vizuri. Alikuwa ameshahamia Migori kwa Ghati yeye na mkewe. Nilimpima presha, tukacheka, nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nyansurura. Kuna mtu nataka kumwona."

Kisha akanieleza bila kuulizwa. Zamani, kabla mimi sijafika, alimtafsiria mfugaji mmoja kwenye kesi ya malisho baina yake na ndugu yake. Yule mfugaji alisema kwa hasira kwamba atamkata ndugu yake. Mkalimani akayabeba maneno yale kama yalivyo. Mtu akawekwa mahabusu miezi. Alipotoka ng'ombe walikuwa wametawanyika na mkewe amerudi kwao upande wa Kenya.

"Ya Bibi Wankuru," nikasema, "ulisahau kweli?"

"Nilisahau kweli," akajibu. "Watu wanasema nilifanya makusudi, wananisifu. Sikufanya. Yalinitoka. Niliyajua nyumbani, mke wangu aliponisimulia wewe ulivyomwambia." Akavua kofia, akaipiga vumbi. "Kusahau kwangu kumefanya kitu ambacho uaminifu wangu haukuwahi kufanya. Tangu hapo namfikiria yule mtu. Ningemuuliza tu kama hayo ndiyo anayotaka niyapeleke. Sikumuuliza."

"Utamwambia nini?"

"Hapo ndipo pagumu. Nimezoea ya wenzangu."

Niliomba ruhusa, nikaenda naye. Yule mfugaji tulimkuta uani, mzee kama yeye, anatengeneza ua wa zizi. Walisalimiana. Mkalimani hakungoja kukaribishwa. Alisema akiwa amesimama, kwa Kikurya na kwa ufupi: Siku ile nilibeba maneno yako yote. Sikukuuliza kama uliyakusudia. Nimekuja kukuuliza.

Mzee aliweka chini tawi la miiba alilokuwa ameshika.

"Niliyakusudia," akasema. "Panga lilikuwa limeshanolewa. Ungenipunguzia, wasingenifunga. Nisingefungwa, ningemkata." Akaonyesha kwa kidevu upande wa zizi, ambako mzee mwingine alikuwa anakamua, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe. "Yule pale. Tumegawana malisho. Mke wangu ndiye sikumpata tena."

Mkalimani alimtazama yule anayekamua. Nilimwona akitafuta, mara hii si maneno ya mtu mwingine.

"Lakini hakuna aliyewahi kuja kuniuliza," mzee akaongeza. "Hakimu hakuuliza, wala ndugu. Ngoja maziwa."

Ndugu alikuja na kibuyu, akaambiwa mgeni ni nani, na badala ya kununa akaanza kueleza kesi ile kwa upande wake. Mwenzake akamkatiza. Mkalimani akawakatiza wote wawili, sauti juu, akibishia kama siku ya kesi ilikuwa ya mvua au ya jua. Zamu yangu ilikuwa inaningoja Issenye. Niliaga, sidhani kama walinisikia. Niliwaacha pale uani, wazee watatu wakisema kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake amalize, nami nilipanda bodaboda bila kujaribu kufuata walichokuwa wakisema.